Jina la Tarsisi: Asili Yake na Safari Yake Hadi Kwetu

Katika madaftari ya ubatizo ya parokia zetu yako majina yanayojaza kurasa nzima, na yako mengine yanayotokea mara moja baada ya miaka mingi. Yohane, Petro, Yosefu na Paulo hawakosekani katika jumuiya ndogondogo hata moja. Tarsisi ni wa kundi la pili. Mara nyingi yuko mmoja tu katika kigango kizima, na mara nyingi huyo mmoja ni mzee mwenye wajukuu. Ajabu ni kwamba watoto wanaotumikia altareni wanalijua jina hilo vizuri, kwa kuwa ndilo la msimamizi wao mbinguni. Wanamwomba mtakatifu huyu mara kwa mara, lakini ni nadra kumkuta miongoni mwao anayeitwa kwa jina lake.

Tunaandika makala hii kwa ajili ya wazazi wanaotafuta jina la mtoto wa kiume, na kwa ajili ya kina Tarsisi wenyewe, ambao wengi wao wameishi na jina hili bila kuelezwa lilikotoka. Yafaa tuseme wazi tangu mwanzo kwamba mambo ya hakika juu ya somo wao ni machache kiasi cha kuenea katika bamba moja la jiwe, na kweli yalichongwa katika bamba moja la jiwe. Mengine mengi tunayowasimulia watoto yaliongezwa baadaye, na baadhi yake yaliongezwa baada ya zaidi ya miaka 1,500. Kuyatenganisha hayo mawili hakumpunguzii mtakatifu heshima yake. Kunampatia mzazi maelezo atakayoweza kumpa mwanawe atakapofikisha miaka 15, umri ambao kijana haridhiki tena na hadithi za utotoni.

Sura nyingi za jina moja

Maandishi ya kale ya Kilatini humwita Tarsicius. Baadaye herufi mbili zilibadilishana nafasi, likapatikana Tarcisius, nalo ndilo lililoenea zaidi. Waitaliano husema Tarcisio, Waspanyola Tarsicio, na watu wa lugha ya Kifaransa Tarcisius au Tharcisse. Nchini Indonesia, ambako kisiwa cha Flores kina Wakatoliki wengi mno, huandikwa Tarsisius. Kwetu sisi jina limepita katika mkondo uleule wa majina mengine ya Kilatini yaliyoletwa na wamisionari: mwisho wa Kilatini ulidondoka au ukalainishwa, kama vile Evaristus alivyokuwa Evaristi na Anselmus akawa Anselmi. Hivyo tuna Tarsisi, Tarsisio, Tarsisius na Tarsis, na wote ni mtu mmoja.

Asili ya jina lenyewe ni ya Kigiriki, ingawa mwenye jina aliishi na kufa Roma. Jambo hilo lisitushangaze. Wakristo wa kwanza wa Roma kwa sehemu kubwa walikuwa watu waliotoka mashariki: wafanyabiashara, mafundi, watumwa na watoto wa watumwa. Hata Misa yao iliadhimishwa kwa Kigiriki kwa muda mrefu kabla ya Kilatini kushika nafasi. Maelezo yanayotolewa zaidi hulihusisha jina hili na neno tharsos, yaani ujasiri au moyo mkuu. Ni mzizi uleule wa kitenzi ambacho Injili ya Kigiriki hukitumia pale Bwana Yesu anapomtia moyo mtu aliyepooza kabla ya kumwondolea dhambi zake. Wengine wanalihusisha na Tarso, mji alikozaliwa Mtume Paulo, kana kwamba Tarsisi maana yake ni mtu wa Tarso. Sisi tunaegemea maelezo ya kwanza, na mzazi anayependa jina lenye maana nzuri hana sababu ya kuyakwepa.

Hapa tutoe angalizo dogo, maana tumesikia mara nyingi likikosewa. Tarsila si umbo la kike la Tarsisi. Mtakatifu Tarsila ni mwanamke mwingine kabisa, bikira wa Roma na shangazi wa Papa Gregori Mkuu, na sikukuu yake ni tarehe 24 Desemba. Binti anayeitwa Tarsila ana somo wake mwenyewe, wala hahitaji kuazima wa kaka yake.

Jiwe la Papa Damasi

Papa Damasi aliliongoza Kanisa la Roma tangu 366 hadi 384. Dhuluma za makaisari zilikuwa zimekoma zaidi ya miaka 50 kabla yake, na makaburi ya mashahidi yalikuwa yameanza kusahaulika, mengine yakiwa yamefukiwa katika njia za chini ya ardhi zilizozunguka mji. Damasi aliyatafuta, akayatengeneza, akaweka juu yake mabamba ya marumaru yenye beti alizozitunga mwenyewe kuwasifu waliozikwa humo. Mchongaji aliyemtumikia katika kazi hiyo, Furius Dionysius Filocalus, alikuwa na mwandiko mzuri kiasi kwamba wataalamu huutambua hata katika vipande vidogo vya mawe vinavyookotwa leo.

Miongoni mwa beti hizo ziko chache alizomtungia Tarsisi. Jiwe lenyewe limepotea, lakini maneno yamehifadhiwa katika nakala za wale waliokuwa wakizuru Roma na kuandika walichokisoma makaburini. Damasi anasema mambo matatu tu. Kwanza, kwamba Tarsisi alikuwa amebeba Sakramenti ya Kristo. Pili, kwamba watu wenye ghadhabu walimtaka aionyeshe hadharani. Tatu, kwamba alichagua kupigwa hadi kufa kuliko kuutoa Mwili wa Bwana mikononi mwao. Damasi anamlinganisha pia na Stefano, shahidi wa kwanza, ambaye aliuawa kwa kupigwa mawe, na kuwahesabia wote wawili stahili moja.

Hayo ndiyo yote. Jiwe halitaji umri wake, halitaji wazazi wake, wala halitaji jina la barabara alimouawa. Hata hivyo ni ushahidi wa maana sana, kwa kuwa umetoka kwa mtu aliyeishi karibu na nyakati hizo, aliyekulia katika mazingira ya Kanisa la Roma na kuyajua makaburi yake kwa macho yake. Watakatifu wengi wa karne za kwanza tunaowaheshimu hawana ushahidi wa namna hiyo.

Mahali alipozikwa panajulikana pia. Miongozo ya mahujaji ya karne ya 7 inasema kwamba Tarsisi alilazwa katika kaburi moja na Papa Zefirini, kwenye eneo la makaburi ya Mtakatifu Kalisti, kando ya barabara ya Apia. Mkristo asiyekuwa na cheo kikubwa alizikwa pamoja na Askofu wa Roma. Baadaye, katika karne ya 8, Papa Paulo I alipohamishia ndani ya mji masalia ya mashahidi wengi kwa sababu makaburi ya nje hayakuwa salama tena, masalia ya Tarsisi yalipelekwa katika kanisa la Mtakatifu Silvesta.

Mtoto, akoliti au shemasi?

Swali la umri ndilo linalowasumbua wasomaji wengi, kwa sababu picha zote zinamwonyesha akiwa mtoto wa miaka 11 au 12. Kwa kuwa Damasi anamlinganisha na Stefano, aliyekuwa mmoja wa wale saba wanaohesabiwa kuwa mashemasi wa kwanza, baadhi ya wanahistoria wamedhani kwamba Tarsisi naye alikuwa shemasi. Masimulizi ya karne ya 6 kuhusu mateso ya Papa Stefano I yanamwita akoliti. Yanasema kwamba wapagani walimkuta njiani akiwa amebeba Mwili wa Kristo, wakampiga kwa fimbo na mawe hadi akafa, na walipougeuza mwili wake ili kutafuta alichobeba, hawakukuta kitu mikononi wala katika nguo zake. Kutokana na masimulizi hayo yalikuja kuota mapokeo mazuri kwamba Ekaristi ilikuwa imeungana na mwili wa shahidi, vikawa sadaka moja mbele ya Mungu.

Neno akoliti linaeleza mengi kuliko tunavyodhani. Mwaka 251 Papa Korneli alimwandikia Fabio, askofu wa Antiokia, barua iliyohifadhiwa na mwanahistoria Eusebio. Humo anaorodhesha wahudumu wa Kanisa la Roma: mapadre 46, mashemasi 7, mashemasi wadogo 7, maakoliti 42, na wengine wengi. Maakoliti hao 42 walikuwa na kazi maalumu. Mtakatifu Yustino, aliyeandika mnamo 155, anasema kwamba mashemasi walikuwa wakiwapelekea Ekaristi ndugu wasioweza kuhudhuria, na kadiri Kanisa lilivyopanuka kazi ya kubeba iliwaangukia pia maakoliti. Mwaka 416 Papa Inosenti I, akimwandikia askofu wa Gubbio, anaeleza jinsi maakoliti walivyopeleka kipande cha mkate uliowekwa wakfu kutoka Misa ya Askofu wa Roma kwenda kwa mapadre wa makanisa mengine ya mjini siku ya Dominika, kuwa ishara ya umoja.

Tukiweka mambo hayo pamoja, tunamwona Tarsisi wa kweli akiwa kijana au mtu aliyekabidhiwa wadhifa wenye hatari, aliyejua njia za mji na aliyeaminiwa na askofu wake. Kwa kawaida kifo chake huwekwa katika dhuluma ya Kaisari Valeriani, miaka ya 257 na 258. Ni dhuluma hiyohiyo iliyomuua Papa Sisto II tarehe 6 Agosti 258, na siku nne baadaye shemasi wake Laurenti.

Haya hayamkatazi mtu kumwona Tarsisi akiwa na sura ya mtoto. Kanisa la kale lilikuwa na vijana wadogo katika daraja zake za chini, na hakuna neno katika beti za Damasi linalopinga hilo. Tunachosema ni kwamba nguvu ya ushuhuda wake haitegemei umri wake. Kijana aliyekua na kuacha kanzu ya utumishi wa altare asidhani kwamba somo wake amebaki nyuma pamoja na utoto.

Kitabu kilichomrudisha

Kwa zaidi ya miaka elfu moja jina hili lilikuwa karibu limelala. Lilikuwamo katika orodha ya mashahidi, likatajwa kila mwaka tarehe 15 Agosti, lakini watu wachache sana walilipa watoto wao. Sababu mojawapo ni tarehe yenyewe. Kanisa zima siku hiyo huadhimisha Sherehe ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, na hakuna shahidi anayeweza kushindana na sherehe ya namna hiyo. Katika familia zenye desturi ya kumpa mtoto jina la mtakatifu wa siku aliyozaliwa, msichana wa tarehe 15 Agosti huwa Asumpta bila mjadala. Mvulana wa siku hiyo naye hupewa jina kwa heshima ya Mama Maria, au hutafutiwa somo katika siku za jirani.

Mambo yalibadilika mwaka 1854. Mwaka huo Giovanni Battista de Rossi, mtaalamu wa mambo ya kale, alivumbua katika makaburi ya Mtakatifu Kalisti chumba walimozikwa mapapa wa karne ya 3, na Ulaya nzima ikaanza kuzungumzia Kanisa la chini ya ardhi. Mwaka huohuo Kardinali Nicholas Wiseman, Askofu Mkuu wa kwanza wa Westminster, alichapisha riwaya iitwayo Fabiola, inayosimulia maisha ya Wakristo wa Roma wakati wa dhuluma. Ndani yake yumo Tarcisius, mvulana akoliti anayeomba apewe kazi ya kuwapelekea wafungwa Ekaristi. Njiani anakutana na wavulana wanaotaka mwenzao wa kukamilisha mchezo. Anakataa, wanamzonga, wanagundua kwamba ameficha kitu kifuani, umati unamvamia, na askari Mkristo anamwinua akiwa mahututi.

Wasomaji wataitambua mara moja hadithi hiyo. Ndiyo tunayoisimulia katika mafundisho ya Komunyo ya kwanza na katika mikutano ya Utoto Mtakatifu. Michezo ya wavulana, askari mwema, kitu kilichofichwa kifuani: katika umbo hilo tumeyapokea kutoka kwa Kardinali Wiseman, aliyekuwa akitunga riwaya na kuijua fika kuwa ni riwaya. Hata wakati aliubadilisha kulingana na mahitaji ya kisa chake, akamhamishia Tarsisi katika utawala wa Kaisari Diokletiani, miaka zaidi ya 40 baada ya Valeriani. Hatuoni ubaya wa kuisimulia, maadamu katekista akumbuke kuwaambia watoto wakubwa kwamba kisa kimejengwa juu ya jiwe la kweli. Ubaya ni pale mtoto anapokuja kugundua mwenyewe kwamba sehemu yake ni tungo, akadhani kwamba na jiwe nalo ni tungo.

Riwaya ile ilitafsiriwa katika lugha nyingi na kusomwa katika nyumba za Kikatoliki kwa vizazi viwili au vitatu. Mwaka 1868 mchongaji Mfaransa Alexandre Falguière alikamilisha sanamu ya marumaru ya Tarsisi akiwa mvulana aliyeanguka chali, mikono ikiwa imekumbatia kifua. Leo imo katika jumba la makumbusho la Orsay jijini Paris, na picha nyingi za watoto wanaokufa wakiilinda Ekaristi zimefuata mtindo wake. Kisha, tarehe 8 Agosti 1910, Papa Pio X alitoa agizo lililowaruhusu watoto kupokea Komunyo wanapofikia umri wa kutambua, yaani mnamo miaka 7. Ghafla Kanisa likawa na watoto wengi wadogo mbele ya meza ya Bwana, na walihitaji mtakatifu wa rika lao. Tarsisi wa Wiseman alikuwa yuko tayari.

Waliolibeba jina

Hivyo basi, wengi wa kina Tarsisi wanaojulikana duniani ni watu wa karne ya 20, waliozaliwa kipindi kile ambacho Komunyo ya watoto ilikuwa jambo jipya. Kardinali Tarcisio Bertone, aliyekuwa Katibu wa Vatikani tangu 2006 hadi 2013, alizaliwa kaskazini mwa Italia mwaka 1934. Mpenzi wa kandanda atamkumbuka Tarcisio Burgnich, aliyezaliwa 1939, beki aliyefunga bao katika ile nusu fainali ya Kombe la Dunia ya 1970 ambapo Italia iliishinda Ujerumani Magharibi 4-3, na ambaye siku chache baadaye alipewa kazi ngumu ya kumkaba Pelé. Kanisa la Asia linaye Kardinali Tarcisius Isao Kikuchi, Askofu Mkuu wa Tokyo, ambaye katika ujana wake wa upadre alikuwa mmisionari nchini Ghana.

Afrika ililipokea jina hili kutoka kwa wamisionari wa miaka hiyohiyo, waliokuja na kalenda ya Kilatini na vitabu vya watakatifu mikononi. Iko sababu nyingine ya kisheria ambayo haikumbukwi sana. Sheria za Kanisa za mwaka 1917, katika kanuni ya 761, zilimtaka paroko ahakikishe kwamba mbatizwa anapewa jina la Kikristo, na wazazi wasipokubali, aongeze mwenyewe jina la mtakatifu na kuyaandika yote mawili kitabuni. Padre aliyebatiza watu wengi kwa siku moja alihitaji majina mengi, na aliyachota katika orodha ya mashahidi. Ndiyo maana bado tunao babu zetu wenye majina ambayo hata huko Ulaya hayasikiki tena.

Hapa Tanzania jina limejulikana zaidi kwa Mhashamu Tarcisius Ngalalekumtwa, aliyeteuliwa kuwa Askofu wa Iringa mwaka 1992 na aliyepata kuwa Rais wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania. Malawi ilikuwa na Askofu Mkuu Tarcisius Ziyaye, aliyeongoza Blantyre na baadaye Lilongwe hadi kifo chake mwaka 2020. Upande wa Kongo, Rwanda na Burundi, ambako wamisionari wengi walikuwa wa lugha ya Kifaransa, umbo lililoenea ni Tharcisse, nalo huko si geni kabisa. Mmoja wao alikuwa Askofu Tharcisse Tshibangu wa Mbujimayi, mwanateolojia ambaye tangu 1960, alipokuwa bado mwanafunzi, alitetea kwamba Afrika inaweza kuwa na teolojia yenye sura yake.

Kwa nini basi, pamoja na watu mashuhuri hivyo, jina limebaki adimu? Maoni yetu ni kwamba nafasi aliyokuwa nayo Tarsisi huko Ulaya kwetu ilichukuliwa na mwingine. Mzazi wa Afrika Mashariki anayetaka mwanawe aitwe kwa jina la shahidi kijana anaye Kizito, aliyechomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886 na kutangazwa mtakatifu mwaka 1964 pamoja na wenzake. Kizito ni wa kwetu, habari zake zilichukuliwa kwa watu waliomjua, na jina lake halihitaji kufupishwa ili litamkike. Baadaye akaja Dominiko Savio, na sasa yuko Carlo Acutis, aliyetangazwa mtakatifu mwezi Septemba 2025, kijana wa kompyuta aliyeipenda Ekaristi. Hatulalamiki. Lakini Tarsisi ana jambo moja ambalo jina lake linalibeba waziwazi: yeye hakuuawa akiwa mbele ya hakimu wala akiwa gerezani, bali akiwa njiani, katika kazi ya kumpelekea mwingine Komunyo.

Jambo hilo linaigusa parokia yetu kuliko tunavyodhani. Tangu 29 Januari 1973, kwa hati iliyoidhinishwa na Papa Paulo VI, Kanisa linaruhusu walei walioteuliwa kugawa Komunyo panapohitajika. Katika vigango vilivyo mbali na parokia, mhudumu huyo huondoka baada ya Misa akiwa na Ekaristi kifuani, kwa miguu, kwa baiskeli au kwa bodaboda, kwenda kwa mgonjwa anayesubiri tangu asubuhi. Yule akoliti wa Roma alifanya kazi hiyohiyo. Kwa hiyo Tarsisi ni msimamizi wa mzee wa kigango anayekwenda kwa wagonjwa kama alivyo wa mtoto anayepiga kengele ya altare. Na kwa mwenye kupenda tarehe: hati ambayo kwayo Papa Paulo VI aliupa utumishi wa akoliti sura mpya, ukawa wazi kwa walei wasiokusudia upadre, ilitolewa 15 Agosti 1972, siku yenyewe ya Tarsisi.

Kumpa mtoto jina hili leo

Sheria za sasa za Kanisa, kanuni ya 855 ya mwaka 1983, zinawataka wazazi, wasimamizi na paroko waangalie tu kwamba mtoto hapewi jina lililo geni kwa hisia za Kikristo. Hazilazimishi jina la mtakatifu, na majina ya lugha zetu yanakubalika. Kwa hiyo mzazi anayechagua Tarsisi leo anachagua kwa hiari yake, tofauti na babu ambaye huenda alipewa na padre bila kuulizwa. Hakuna ubaya wa kuliunganisha na jina la ukoo au la kimila. Babu wengi wameishi hivyo, wakiitwa jina moja kanisani na jingine shambani.

Tunashauri kwa mkazo jambo moja la kiofisi, maana limewaletea waumini wengi usumbufu. Amueni tahajia moja kabla ya siku ya ubatizo, na tahajia hiyo iwe ileile katika kitabu cha ubatizo, cheti cha kuzaliwa, na baadaye shuleni na katika kitambulisho. Jina hili lina sura nyingi mno. Aliyebatizwa Tarcisius, akaandikishwa shule akiwa Tarsis, na kupewa kitambulisho kilichoandikwa Tarsisio, atapata kazi kubwa ya kuthibitisha kwamba yeye ni mtu mmoja, hasa atakapotaka kufunga ndoa na paroko kuhitaji cheti kipya cha ubatizo. Chagueni lolote, lakini liwe moja. Kwa upande wetu tunaliona Tarsisi kuwa ndilo linaloandikika na kutamkika vizuri zaidi kwa Kiswahili.

Kuhusu sikukuu ya somo, tarehe yake katika orodha rasmi ya mashahidi inabaki 15 Agosti. Kwa kuwa ni siku ya Sherehe ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, Misa ni ya Mama, wala haibadilishwi kwa ajili ya Tarsisi. Familia inaweza kumkumbuka nyumbani jioni, katika sala ya pamoja, au kuomba atajwe katika jumuiya. Mwezi huohuo wa Agosti, tarehe 4 mwaka 2010, Papa Benedikto XVI alitoa katekesi nzima juu yake mbele ya maelfu ya watumishi wa altare kutoka Ulaya waliofurika katika Uwanja wa Mtakatifu Petro, na sanamu yake kubwa ya shaba ikabarikiwa siku hiyo. Katika katekesi hiyo Papa aliyataja makaburi ya Mtakatifu Kalisti na kulisimulia tukio lenyewe akionyesha kwamba anafuata mapokeo. Wazazi na makatekista watakaoisoma wataona jinsi mwalimu makini anavyosimulia habari za mtakatifu ambaye juu yake tunajua machache.